Paswedi saba kichwa kimoja, kasheshe!

Hebu hesabu kidogo, msomaji. Namba ya siri ya kadi ya benki. Ya simu. Ya pesa zilizomo ndani ya simu. Ya barua pepe. Ya ule ukurasa wako wa picha ambao hutaki mama mkwe auone. Umefika ngapi? Na hapo bado hujatia mguu ofisini.

Ofisini ndiko kwenye kimbembe. Mimi ni fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, hapa hapa Dar es Salaam. Jina lake halina kazi hapa, na bosi wangu anasoma magazeti. Tuko watu kama 60, pamoja na tawi dogo la Tunduma, mpakani kabisa na Zambia. Nilipoajiriwa nilikuta kila mfanyakazi ana paswedi 7. Wasomi wanasema nywila, nami nitajitahidi kusema nywila, lakini nikiteleza mnisamehe, maana kwetu ukisema nywila watu wanadhani unaongelea nywele.

Moja ya kuwashia kompyuta. Moja ya barua pepe. Moja ya uhasibu. Moja ya kufuatilia makontena. Moja ya hati za mafuta ya malori. Moja ya kuombea likizo. Ya saba ya kufungulia mafaili ya Tunduma. Kila programu ilinunuliwa na meneja tofauti, mwaka tofauti, kwa fundi tofauti. Nyingine zinakaa kwenye seva za Windows, nyingine kwenye Linux, na moja ilikuwa ndani ya mashine iliyowekwa chini ya meza ya mapokezi, ambayo dada wa mapokezi alikuwa anaegemezea miguu. Seva hizi hazikuwa zinajuana. Ni kama wake wenza ambao mume amewapangia nyumba mitaa tofauti: kila mmoja ana daftari lake la watu anaowatambua, na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu.

Juu ya hapo kulikuwa na amri: kila siku 30 ubadilishe zote. Sasa binadamu afanye nini? Anaandika kwenye karatasi. Ungegeuza kibodi yoyote pale ofisini ungekuta karatasi imebandikwa, na wajanja waliojiona hawahitaji karatasi walikuwa wanaandika jina la mwezi na namba. Ukijua leo ni Machi, umeshaingia. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishatoa mwongozo kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila ovyo ovyo kwa sababu tu mwezi umeisha, ila habari hiyo haikuwa imefika ghorofa ya tatu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Idara ya uhasibu kuna mama mmoja aliyekuwa ameshatimiza miaka 19 pale. Sote tunamwita Mama, hata bosi. Ijumaa moja mwaka 2022 zilitoka hati 3 za mafuta, lita 1,200 kwa jumla, kwa malori ambayo siku hiyo yalikuwa gereji yamefunguliwa matumbo. Kumbukumbu za programu ya mafuta zikasema aliyezitoa ni “uhasibu1”, saa 12:47 jioni. Jina hilo la uhasibu1 lilikuwa linatumiwa na watu wanne, lakini aliyesaini karatasi ya kulipokea, enzi hizo, ni Mama. Jumatatu saa tatu asubuhi akakabidhiwa barua ya kujieleza.

Mama alisema saa 12:47 alikuwa kwenye daladala la Gongo la Mboto, amesimama, ameshika bomba. Shahidi wako nani? Kondakta!

Nikaitwa nitoe ripoti. Watu wanadhani kompyuta ikiandika jina, basi imemwona mtu. Wapi! Ile programu haikuwa inamjua mtu, ilikuwa inajua neno tu. Anayelijua neno ndiye uhasibu1, awe Mama, awe mlinzi wa getini, awe kijana anayeleta vitumbua. Kulikuwa na namba ya kifaa kilichotumika, lakini ilikuwa ni ya ile intaneti isiyo na waya inayomgawia namba kila anayekuja, na kumbukumbu zake zilikuwa zinafutika baada ya siku mbili. Ijumaa mpaka Jumatatu, hakuna kitu.

Halafu nikakuta kitu kilichonitoa jasho. Karani mmoja alikuwa ameacha kazi miezi 8 nyuma. Afisa utumishi alikuwa ameagiza afungiwe, na kwenye Windows alifungiwa kweli. Kwenye barua pepe, kafungiwa. Lakini kwenye makontena na kwenye mafuta alikuwa mzima kama mimi na wewe. Sisemi ni yeye. Nasema angeweza, na wengine kumi wangeweza. Ndivyo nilivyoandika, ukurasa mmoja tu: kumbukumbu hizi haziwezi kumtia mtu hatiani wala kumsafisha. Bosi hakuipenda ripoti ile. Kesi ikasimamishwa, Mama akarudi mezani kwake, na kwa muda wa mwezi mzima hakuna aliyemsikia akicheka.

Bosi akaniita. “Kijana, hivi haiwezekani mtu akaingia mara moja asubuhi, ikatosha?”

“Inawezekana, mzee.”

“Sasa kwa nini hatuna?”

Kabla sijajibu akawa ameshamwita jamaa wa kampuni moja ya nje, tai imenyooka, mkoba wa ngozi. Jamaa akataka dola kadhaa kwa kila kichwa kwa kila mwezi, halafu seva zote za Linux zitupwe. Mzee akakohoa. Nikamwomba wiki moja, kwa sababu kitu chenyewe tulikuwa nacho tayari, kimelala ndani ya Windows yetu wenyewe.

Maana hili jambo si la juzi. Mwaka 1983 chuo cha MIT kule Marekani kilianzisha mradi ulioitwa Athena, kwa msaada wa IBM na Digital, wa kusambaza kompyuta kwa wanafunzi chuo kizima. Mashine za makampuni mawili yasiyopendana, mtandao mmoja, na wanafunzi watundu. Na utundu pale ulikuwa wa jadi! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chuo hicho hicho kilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza duniani kutumia nywila kwenye kompyuta, katika mfumo wa CTSS ulioongozwa na Fernando Corbató. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, akalichapisha faili lote la nywila ili ajipatie muda zaidi wa kutumia mashine. Nywila na wizi wa nywila, bwana, ni mapacha.

Athena ndiyo iliyozaa Kerberos, jina la mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango la kuzimu katika hadithi za Wagiriki. Toleo lake la tano lilitoka mwaka 1993, na Microsoft wakalitia ndani ya Windows 2000, kwenye kile wanachokiita Active Directory. Kwa hiyo kampuni yoyote yenye Active Directory ina mbwa huyo uani, ila wengi hawajui kuwa anaweza kulinda na nyumba ya jirani.

Anafanyaje kazi? Fikiria kadi ya harusi. Umechanga, kamati inakujua, inakupa kadi yenye muhuri. Siku ya siku unafika ukumbini. Jamaa wa mlangoni hakujui, hajui umechanga ngapi, wala hakuulizi. Anaangalia muhuri. Kwa Kerberos, kamati ni seva moja inayotunza siri za watu wote. Asubuhi unaandika nywila mara moja. Kompyuta yako inaitumia kuithibitishia kamati kwamba ni wewe kweli, bila nywila yenyewe kusafiri kwenye waya, na inapewa tiketi kuu. Ukitaka kuona makontena, kompyuta inakwenda kimyakimya kwa kamati na tiketi kuu, inarudi na tiketi ndogo ya makontena tu. Seva ya makontena inakagua muhuri, inakufungulia. Wewe huoni lolote, unaendelea na chai yako. Kwa kawaida ya Windows tiketi inaishi saa 10, halafu basi. Nayo ni kama kadi ya Jumamosi, Jumapili haikuingizi popote.

Mnaona raha yake? Seva ya Linux haihitaji tena daftari lake la watu. Inahitaji kuujua muhuri tu, ambao inautunza kwenye kifaili kimoja kidogo. (Kifaili hicho ni cha kulinda kama mboni ya jicho, maana anayekiiba anaweza kujigongea kadi zake mwenyewe za kuingilia kwenye seva ile.) Kuiunga seva ya Linux na Active Directory siku hizi ni programu moja, SSSD, na amri ya mstari mmoja. Dakika 5. Ile mashine ya miguu ya dada wa mapokezi ilikuwa inagawa mafaili kwa Samba, programu aliyoianza Andrew Tridgell wa Australia kwenye mwaka 1992. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye kamusi neno lenye herufi S, M na B. Nayo dakika 5.

Dakika 5 za amri, wiki 7 za watu!

Kwanza majina. Kwenye Windows watu waliandikwa kwa herufi ya kwanza na jina la ukoo. Kwenye makontena, jina la kwanza tu. Kwenye likizo, namba ya mshahara. Tulikuwa na akina Asha 3 na akina Juma 4. Nikakaa na afisa utumishi siku 4, daftari la mishahara mbele yetu, mstari kwa mstari: huyu ni nani, yuko wapi, anastahili kuona nini. Tukapata majina 23 yasiyo na mwenyewe. Watu walioacha, watu wa mkataba, vijana wa mafunzo waliokaa miezi miwili. Mmoja alikuwa marehemu tangu 2019, Mungu amlaze pema, na bado alikuwa na ruhusa ya kuidhinisha malipo. Afisa utumishi akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Hakusema kitu. Kama wewe ni kijana wa kompyuta na unafikiria kufanya kazi hii, nakwambia sehemu hii ndiyo kazi. Mengine yote utayakuta kwenye vitabu.

Halafu anwani. Watu walizoea kuifungua seva kwa namba zake, zile tarakimu zenye nukta nukta, zimebandikwa kwenye kila skrini. Kerberos kwa kawaida inatoa tiketi kwa jina, siyo kwa namba. Kadi imeandikwa jina la ukumbi, wewe unamwambia dereva wa teksi namba ya kiwanja. Ukiingia kwa namba, mbwa ananyamaza na seva inakuomba nywila kama zamani. Simu zikaanza: “Bro, kitu chako hakifanyi kazi!” Ikabidi nipite meza hadi meza nikibandua stika. Wengine walizibandika tena nikishaondoka.

Lakini mahali tulipochezeshwa kwata ni kwenye saa. Kerberos haitaki saa za mashine mbili zipishane zaidi ya dakika 5, ili mtu aliyenasa tiketi yako njiani asije akaitumia kwa wakati wake. Dar kila kitu kilikuwa shwari. Tunduma, hakuna aliyeingia. Siku ya kwanza, ya pili... nikapiga simu.

“Hapo mna saa ngapi?”

“Yetu au yao, kaka?”

Ndiyo hivyo. Tunduma ukivuka kamba uko Nakonde, Zambia, na Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo inageuka yenyewe. Karani wetu, anayeshinda akisumbuana na maofisa wa upande wa pili, aliona bora seva ya tawi ifuate saa ya wateja. Angebadilisha ukanda wa saa tu pasingekuwa na neno, kwa sababu Kerberos inahesabu kwa saa moja ya dunia nzima. Yeye akasogeza mishale yenyewe, saa nzima nyuma. Nywila ya mkuu wa mashine aliipata wapi? Ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa mashine kwa kalamu ya wino mzito. Bahati yetu hakuiweka kwa saa za Kiswahili, maana hapo tungepishana saa 6 kamili. Sasa seva ya Tunduma inachukua saa kutoka Dar yenyewe, mkono wa mtu haugusi, na saa ya Zambia karani ananing'iniza ukutani, ya betri, ya plastiki, kama hotelini.

Programu ya mafuta ndiyo iliyobaki kichwa ngumu. Kerberos haiijui kabisa. Ila inaweza kwenda kuuliza kwenye daftari la Active Directory kwa LDAP, utaratibu uliobuniwa Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa mwaka 1993. Maana yake unaandika nywila tena, ila ni ile ile ya asubuhi. Hapa kuwa macho, kwa sababu wauzaji wengi wanakuja na hii wanakwambia ndiyo kuingia mara moja. Siyo! Hii ni nywila moja kuandikwa mara nyingi, na kila programu unayoiandikia inaiona, kwa hiyo ikiwa programu yenyewe ni mbovu umempa fisi nyama akutunzie. Tuliisimba njia yake, tukaikubali kwa shingo upande. Angalau uhasibu1 alikufa siku hiyo. Kila hati ya mafuta sasa inabeba jina la mtu mmoja.

Mshikaji wangu mmoja wa benki aliponisikia alicheka. “Umewarahisishia wezi, zamani walihitaji funguo saba.” Ana hoja. Nywila moja ikivuja, mlango wote uko wazi, na kamati ikilala hakuna harusi. Kwa hiyo kamati tuliiweka kwenye seva mbili, moja ikizimika nyingine inaendelea. Watu wa uhasibu na mameneja, pamoja na nywila, wanaulizwa tarakimu zinazotoka kwenye simu zao. Ile amri ya siku 30 tuliifuta, badala yake nywila iwe ndefu, sentensi nzima. Nasikia ya Mama ilikuwa sentensi ya Kizigua. Ameshaibadilisha, msijisumbue.

Na kuna jambo moja yule jamaa wa tai hakulisema. Mwaka 2023 msimamizi mmoja wa malori aliachishwa kazi, saa tisa alasiri, kwa kelele. Zamani ningezunguka sehemu 7, na mbili zingenisahaulika kama zilivyomsahau yule karani. Safari hii niliufunga mlango mmoja, nikarudi kwenye maandazi yangu. Lakini tiketi aliyokwisha kuichukua asubuhi, kama kompyuta yake ingebaki inawaka mkononi mwake, ingeweza kuendelea kumfungulia mpaka saa zake 10 ziishe. Muhuri ulishagongwa, seva haina habari kwamba kamati imebadili mawazo. Kwa hiyo kwetu utaratibu ni kwamba afisa utumishi anachukua kompyuta kwanza ndipo anampa mtu barua, na mimi nazizima zile kurasa za makontena zilizofunguliwa kwa jina lake. Msimamizi alipofika nyumbani akajaribu. Najua, kwa sababu imeandikwa: jina lake kamili, saa 1:20 usiku, imekataliwa. Mara 4.

Fedha ya kubadilisha programu ya mafuta nimeshaomba. Nimetia na ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, maana mzee akisikia neno sheria anavaa miwani. Kasema tusubiri bajeti.

Hati zile 3 aliyezitoa hajulikani hadi leo, na sitegemei ajulikane. Mama yupo, siku hizi hata akienda msalani anaifunga skrini kwanza, na akikuona umeiacha yako wazi anakufungia na kukugombeza. Barua ya kujieleza ya mwaka ule bado imo kwenye faili lake. Ameandika mara mbili kuomba itolewe, mara ya pili akaambatisha ripoti yangu. Amejibiwa kwamba karatasi ikishaingia kwenye faili la mtumishi huwa haitoki, ila anaruhusiwa kuongeza maelezo. Ameongeza. Ukurasa mmoja, mwandiko wa mkono, na chini kabisa ameandika namba ya lile daladala.